Moshi wa Rangi ya Dume wa Alute

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Mashine ya kusaga imezima tena. Asubuhi, mbele ya foleni nzima ya akina mama na madebe yao ya mtama. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikalala. Mimi ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Mashine, kwa hiyo macho yote kwangu. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba injini ya dizeli ni kama mwalimu: haichoki, hunyamaza tu ikifikiri. Hawakucheka. Raheli, msemaji wa akina mama, akaniuliza kama wakaange mtama wautafune wakati mashine inafikiri.

Jambo lenyewe ni zito. Bwana Maendeleo wa wilaya ametuma neno kutoka Kiomboi: Jumamosi atapita na lori. Akikuta mashine inasaga, itabaki. Akikuta imelala, ataipakia na kuipeleka kijiji cha ng'ambo ya mbuga. Wale watu hata banda hawana! Tangu tuhamie hapa katika kijiji cha Ujamaa, mashine hii ndiyo ahadi pekee tuliyoishika kwa mkono. Ikiondoka, akina mama watarudi kwenye jiwe la kusagia. Na mimi nitakuwa mwenyekiti wa banda tupu.

Ubovu naujua. Ringi. Ringi za pistoni zikilika, oili hupanda juu ikaungua, na moshi huwa wa buluu. Nimesoma. Lakini Melkizedeki anasema nozeli, kile kijitundu kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini. Melkizedeki aliendesha lori la jeshi huko Burma, na tangu arudi hakuna kitu kinachoharibika duniani isipokuwa nozeli. Redio ya kijiji ilipokatika sauti, alisema nozeli. Ingekuwa nozeli, moshi ungekuwa mweusi. Naye anaapa ni mweusi. Huyu anautaka uenyekiti, na hana hata macho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Shelui kwa miguu, alfajiri. Pale barabarani kuna mafundi wawili wanaotazamana. Upande huu Paskali, niliyemfundisha darasa la nne. Upande ule Philipo, ambaye sikumfundisha, na inaonekana.

Paskali alitoka chini ya lori, akafuta mikono, akaniamkia vizuri. Nikamweleza ubovu tangu mwanzo. Nilianza na mgunduzi wa injini ya dizeli, Mjerumani, kwa sababu mtu akielewa chanzo huelewa mwisho. Nilipofika kwenye pistoni nikakuta Paskali amerudi chini ya lori. Nikaendelea kuieleza miguu yake.

Akasema hawezi kuja. Malori ya pamba yamejipanga mpaka nje, na wenye malori hayo wanalala humo humo ndani wakimsubiri. Lakini akauliza swali moja la maana: moshi ni wa rangi gani? Wa buluu, ni ringi. Mweusi, ni nozeli au hewa. Mweupe, ni maji. Nikamwambia ni wa buluu. Akauliza kila mtu anasema hivyo? Nikakohoa. Akasema, "Mwalimu, niletee rangi ambayo kijiji kizima kimekubaliana. Ringi ninazo, lakini sitoi kwa kubahatisha."

Nikavuka barabara kutafuta maoni ya pili. Philipo hakuuliza rangi. Aliuliza Paskali amesemaje. Nikasema ringi. Akacheka sana, akasema ringi hazihusiki hata kidogo, ni nozeli. Nikajifanya nimekumbuka vibaya: samahani, kijana wangu, kumbe Paskali alisema nozeli. Papo hapo Philipo akasema basi bila shaka ni ringi, fundi yeyote mwenye akili angeona hivyo. Nikamshukuru. Ni fundi anayekubali hoja.

Nimerudi na malengelenge. Mama Dina, mke wangu Dorika, akanipa maji ya moto ya kuloweka miguu. Akauliza kwa nini nisingemwomba fundi aje tu. Nikamweleza kwamba siku hizi ubovu hutambuliwa kwa maelezo. Akasema kwa maelezo yangu hata mashine nzima ingezimika.

Jumatano, 6 Agosti

Mkutano wa rangi. Niliuita mwenyewe, bandani. Melkizedeki akazungusha hendeli, mashine ikashtuka, ikatoa moshi kidogo, ikafa. Nikawauliza wajumbe: rangi gani?

Nikasema buluu. Melkizedeki akasema mweusi. Wengine wakasema wa majivu. Nikauliza majivu ya mti gani, maana majivu ya mgunga si majivu ya mkaa. Ikawa vurugu. Tukawasha tena. Mama mmoja akasema ni rangi ya mvua ikiwa mbali. Raheli akasema ni rangi ya njaa.

Hapo Mzee Alute, ambaye muda wote alikuwa akichonga fimbo, akasema neno moja tu: huo moshi ni rangi ya dume wake.

Mkutano mzima ukageuka kumtazama. Kisha ukacheka, kisha ukakubali. Kweli kabisa! Ni rangi ya dume wa Alute, ya pale begani, si ya tumboni. Sisi tumelelewa zizini. Rangi za vitabu tunazibishania, lakini rangi ya ng'ombe haina mabishano. Hata Melkizedeki alikubali. Nikaandika kwenye muhtasari: "Moshi ni wa rangi ya dume wa Mzee Alute, begani. Wajumbe wote wameafiki."

Ikabaki shida moja ndogo. Paskali hamjui dume wa Alute.

Melkizedeki akashauri tumwambie tu ni kijivu. Nikamweleza kwa upole kwamba kijivu si rangi, ni uvivu wa kuchagua. Njia ya kisayansi ni kumpelekea fundi kielelezo. Kielelezo kina miguu minne, kitajipeleka.

Alute alisita. Dume yule ni wa mahari ya mwanawe, Samweli. Wakwe wanakuja kumchukua Jumapili, na walimchagua zizini kwa rangi yake, wazee wa pande zote wakiwepo. Nikamwambia Shelui kuna josho, nitamwogesha kupe wote watoke, wakwe watampokea aking'aa. Akakubali. Akanishukuru hata.

Sasa niandike lile ambalo sikulisema mkutanoni. Dume yule ni wa kijivu kinachoelekea buluu. Kinaelekea, ila hakijafika. Anahitaji kusaidiwa hatua mbili tatu tu. Na nyumbani kwangu kuna buluu ya kufulia.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazi ya kumpaka dume buluu si ya mtu mmoja. Aliipenda kichwani, akaikataa mgongoni. Niliichanganya kwenye ndoo, nikampaka kwa kitambaa nyuma ya zizi kabla watu hawajaamka. Kiasi kidogo tu kwanza. Hakikuonekana. Nikaongeza. Bado. Nikamaliza pakiti zote. Jua lilipochomoza ndipo nikagundua kwamba alfajiri rangi zote ni moja, na kwamba nilikuwa nimevuka mpaka.

Haidhuru. Safari ina vumbi, nikajua litapunguza. Halikupunguza. Vumbi lilimpata miguuni tu, kwa hiyo alifika Shelui akiwa mwekundu chini na samawati juu, kama bendera ya nchi isiyojulikana.

Madereva wa malori wakaacha chai zao. Mmoja akauliza kama ni wa Serikali. Utingo mmoja akamwamkia dume shikamoo. Sikuwajali. Nikamwita Paskali, nikamwambia: kijiji kizima kimekubali, na muhtasari huu hapa, moshi ni rangi ya huyu, begani.

Paskali akasoma muhtasari. Akamzunguka dume. Akamgusa bega, akatazama kidole chake. Kisha akatazama mikono yangu, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Hakuniuliza habari ya mikono. Ni kijana niliyemlea kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "kama moshi wenu ni huu, ni ringi. Lakini moshi wa namna hii sijauona tangu nizaliwe."

Nilichukua sehemu ya kwanza ya maneno hayo. Ya pili ilikuwa maoni yake binafsi.

Philipo naye alivuka barabara, akasema yeye anaona ng'ombe mweusi aliyefifia, kwa hiyo nozeli. Wakaanza kutupiana maneno, huyu akimwita mwenzake kinyozi wa injini, yule akimwambia bora kinyozi kuliko mchimba kaburi. Madereva wakagawanyika, wengine ringi, wengine nozeli. Mimi nikapokea ringi kutoka kwa msaidizi wa Paskali, nikazifunga kwenye leso, nikaondoka na ushahidi wangu.

Josho tulilipita. Ningemwogesha, kielelezo kingepotea.

Nyumbani Mama Dina alikuwa ananisubiri mlangoni na mashuka meupe ya Jumapili mkononi. Alitaka kujua buluu yake iko wapi. Nikaficha mikono mfukoni. Akasema, "Baba Dina, toa mikono." Nikamweleza kuhusu sayansi ya vielelezo. Amelala chumba cha watoto.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku nzuri iliyoanza vizuri.

Nimempa Melkizedeki kazi ya kufunga ringi, kwa sababu ndiye pekee anayejua kuifungua mashine, na kwa sababu nilitaka mkono wake mwenyewe uiue hoja ya nozeli. Alinuna. Nikamwambia ni heshima. Akafungua vitu vyote akavitandaza juu ya gunia. Mimi nikasimama juu yake nikieleza kila kimoja kinaitwaje na kinafanya nini. Mara mbili aliomba nikamtafutie spana iliyokuwa mkononi mwake.

Alasiri ikafungwa. Kulibaki nati moja pembeni. Melkizedeki alisema mashine hizi huletwa na nati za akiba. Akazungusha hendeli. Ikashika! Ikaunguruma! Ikakohoa. Ikatoa moshi. Ikalala.

Moshi ulikuwa wa rangi ya dume wa Alute. Yaani wa zamani, kabla sijampaka.

 Melkizedeki alifuta spana zake taratibu, moja moja, akitabasamu. Afadhali angetukana.

Nikiwa bado nimesimama hapo, Mzee Alute akafika. Alimwogesha dume kwa maji, akamsugua kwa majani, akamsugua kwa mchanga. Dume amebaki samawati, tena mchanga umemng'arisha. Akauliza hilo lilikuwa josho gani. Nikamwambia ni dawa mpya ya kupe, ya wataalamu. Akaniangalia mikono. Akasema wakwe wanakuja keshokutwa, na wazee wao walichagua kijivu, na Samweli hali chakula. Kisha akasema ataniachia Mungu. Mtu wa Singida akikwambia anakuachia Mungu, ujue na fimbo ameshaichagua.

Raheli alikuwa amekaa juu ya debe lake akitusikiliza sote. Akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akawaita wenzake wawili, wakaelekea barabara kuu kudandia lori. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda Shelui. Nikamwuliza kama anajua rangi ya kumwambia fundi. Akasema, "Mwalimu, mimi naenda kumwambia neno moja. Njoo."

Mawazo finyu. Nimempa nafasi ajifunze.

Jumamosi, 9 Agosti

Paskali amekuja! Juu ya lori la mnada, pamoja na Raheli na wenzake, ambao inasemekana walikaa kwenye mlango wa gereji jana jioni na tena leo asubuhi, wakiimba nyimbo za kanisani, mpaka madereva wakamsihi fundi aende na kurudi haraka.

Akaniamkia, akamwamkia Melkizedeki, akasema tuwashe. Tukawasha. Hakuutazama moshi hata kidogo. Aliweka kiganja kwenye tundu la kuvutia hewa, akatikisa kichwa, akafungua chujio. Ndani kulikuwa na unga. Si vumbi la unga. Unga ulioshikana na oili ukawa bonge, kama ugali wa juzi. Akalitoa kwa bisibisi, akaligonga chujio juu ya jiwe, akalisafisha kwa mafuta ya taa, akarudisha. Ile nati ya akiba nayo akaifunga mahali pake, akimtazama Melkizedeki.

Ikawashwa. Ikanguruma bila kikohozi. Moshi haukuonekana.

"Mashine yenu imekula unga kuliko nyinyi," Paskali akasema. Akauliza nani husafisha chujio kila wiki. Nikamweleza kwamba kusafisha chujio ni kazi ya Kamati, na Kamati ni watu wengi, na jambo la watu wengi lina utaratibu wake. Akina mama wakawa wanacheka. Paskali alikuwa ameshapanda lori.

Kufikia hapo nilikuwa nimeokoa kijiji. Mashine inasaga, mtama unamiminika, Bwana Maendeleo anaingia na lori lake. Alishuka, akasikiliza, akaridhika. Angeondoka wakati ule ule. Lakini akauliza, kwa heshima tu, ubovu ulikuwa nini.

Mtu akiuliza swali la kitaalamu hastahili jibu la mkato. Nilianza na yule Mjerumani. Nikapita kwenye pistoni, nikagusa moshi wa aina tatu, nikamwonyesha muhtasari wa mkutano, nikaeleza tofauti ya majivu ya mgunga na majivu ya mkaa. Bwana Maendeleo alikuwa anatazama saa, nikajua anapenda kuandika muda. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yangu vizuri kabisa. Nilikuwa nimekaribia ng'ombe ilipozima.

Kimya. Bwana Maendeleo akamwita dereva wake alete kamba.

Melkizedeki akasema: nozeli. Nikasema: ringi, zimelegea, amezifunga vibaya. Akaniuliza ringi gani, zile za ng'ombe? Tukabishana kwa muda. Nadhani nilikuwa nashinda. Tulipogeuka, Raheli alikuwa ameshamimina dizeli kwenye tangi, akina mama wawili wameshika hendeli, na mashine ikawaka. Ilikuwa imeishiwa mafuta tu. Kumbe nilieleza mpaka dizeli ikaisha.

Bwana Maendeleo akasema mashine itabaki. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akasema kuanzia leo Kamati ya Mashine ni akina mama, mwenyekiti Raheli, na kwamba wanaume wenye maelezo wayatolee nje ya banda. Akapanda lori. Aliondoka bila kusikia sehemu ya ng'ombe, ambayo ndiyo ingemsaidia kuelewa.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Mikono.

Wakwe wa Alute walifika baada ya ibada. Nilitazama kwa mbali, nyuma ya ghala. Mzee wao alimzunguka dume. Akakaa chini. Akasimama, akamzunguka tena kwa upande wa pili. Akasema walikubaliana kijivu, na katika zizi lao huyu hajulikani, na ng'ombe wengine watakimbia. Samweli alikuwa amekaa juu ya kinu ameinamisha kichwa. Binti mwenyewe, Klara, alikuwa amesimama na shangazi zake, naye anauma khanga.

Alute alianza kuitafuta fimbo yake kwa macho. Ndipo Mama Dina, ambaye sikujua kama yuko hapo, akajitokeza mbele ya wageni akiwa na pakiti tupu.

"Wazazi wangu, dume ni yule yule," akasema. "Hii ni buluu yangu ya mashuka. Aliyempaka yuko nyuma ya ghala."

Mzee yule alicheka mpaka wakamshika. Wote walicheka, hata Samweli, hata Klara. Wakakubali kumchukua dume, rangi itatoka mvua zikianza. Ila kwa mshtuko walioupata, wakataka mbuzi wa kuwatuliza moyo, na Alute akasema mbuzi huyo yupo, akaja moja kwa moja zizini kwangu. Alichagua mwenyewe. Yule mwenye mimba.

Sina kinyongo. Ndoa imepita, na kwa njia fulani ni mimi niliyeipitisha.

Jumanne, 12 Agosti

Mashine inasaga tangu asubuhi. Raheli husafisha chujio kila jioni. Watu wanamsifu. Siwezi kukaa kimya.

Nimekaa nje ya banda, kama ilivyoagizwa, nikisikiliza. Kuna kitu. Mashine nzima haingurumi hivi. Kuna mlio mwingine ndani ya mlio. Nilipogeuka nikamkuta Melkizedeki ameketi kwenye kona ya ukuta ule ule, ameinamisha kichwa vile vile. Akauliza kama nami nausikia. Nikasema nausikia. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie kijiji hiki, mimi na mtu yule tumekubaliana.

Tumezungumza kwa muda mrefu na kwa heshima. Yeye anasema hiyo ni nozeli inaanza. Mimi nasema ni ringi. Hatukugombana. Watu wazima wakitofautiana hurudi kwenye ushahidi. Lazima fundi ausikie mlio wenyewe. Tukajaribu kuuiga kwa midomo, lakini kila mmoja akauiga vingine, na akina mama wakafunga mlango.

Tumekubaliana kesho alfajiri kwenda Shelui pamoja. Melkizedeki anashikilia kwamba mlio ni wa bata dume akipanda ngazi. Mimi nimeshautambua: ni jogoo wa Mama Dina akinyimwa chakula. Yeye atabeba bata, mimi nitabeba jogoo. Nimeanza kumnyima chakula tangu jioni.